Baba Watoto, Hela ya Kabichi Imelala Wapi?

Wiki hii twende mlimani. Unaacha joto lako Mombo, unapanda kona baada ya kona, kilomita kama 33 hivi, masikio yanaziba, baridi inakupiga, umefika Lushoto. Wengine mnapajua kwa fungate. Mimi nimekwenda nikakuta kesi.

Wahusika ni vijana, ndoa ya miaka minane, wamepanga chumba na sebule. Mume ana bodaboda na amekodi shamba la kabichi bondeni. Mke ana genge sokoni: karoti, njegere, viazi. Majina nayahifadhi, nisije nikarushiwa hivyo viazi.

Bwana wee, Fuso likapakia kabichi kuteremka Dar, jamaa akalipwa. Jioni akarudi na kilo ya nyama, anapiga mluzi. Mkewe hakuuliza kitu, akajua za Januari zipo.

Januari ikaingia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Mtoto anaanza darasa la kwanza, na ada ya shule za serikali ni kweli iliondolewa, lakini sare, viatu na madaftari vipo palepale. Mama akauliza, "Baba watoto, hela ya kabichi imelala wapi?"

Kimya. Kumbe nusu kamkopesha rafiki, nyingine kanunua matairi na kumtumia mama yake. Naye akarusha kombora, "Na wewe, mama watoto, hela ya mchezo uliyopokea?" Mama akanywea. Alimlipia mdogo wake cherehani, kimyakimya.

Mnaona? Mwizi hakuna, mlevi hakuna, na ndani hakuna hata senti! Usiku huo yalisemwa ya kusemwa, asubuhi mama kabeba mtoto, huyoo, kwa wazazi wake Soni.

Najua akina dada mnasema, "Kutunza ni kazi ya mwanaume." Sawa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu huo. Akina kaka nao, "Hela yangu, mke ataniuliza nini?" Taratibu! Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Anayekupikia ugali ana haki ya kuuliza salio.

Aliyewaokoa ni shangazi wa mume. Aliwaweka kitako na daftari la shilingi mia tano, akawaambia hela ya shamba si mshahara. Inaingia kwa mkupuo, na kabichi zikijaa Dar bei inaanguka. Kwa hiyo bajeti ya chakula ipimwe kwa wiki mbaya ya genge, siyo ile nzuri.

Hela ya mavuno igawanywe siku ileile inapoingia: kwanza kodi, pili mbegu na mbolea, tatu shule, nne wazazi wa pande zote mbili, tena kwa uwazi. Kinachobaki, kila mtu apewe kidogo cha mfukoni asichoulizwa. Ukimnyima mtu hicho, atakiiba.

Kuchangia je? Kwa uwezo. Mume akipata 300,000 na mke 100,000, nyumba ikihitaji 240,000, mume atoe 180,000 na mke 60,000. Nusu kwa nusu hapo ni kumkaba mwenzio.

Na akiba msiiache kwenye simu, maana kutuma ni kubonyeza tu. Sanduku la VICOBA lina kufuli tatu na funguo kwa watu tofauti. Wenzenu hawakuwa wajinga.

Mama amerudi. Mwenye nyumba kakubali kulipwa mara mbili. Rafiki wa deni bado anapita njia ya nyuma, lakini jina lake limo daftarini, na safari hii wanaomdai ni wawili.

Wewe je, unajua mwenzio anaingiza kiasi gani? Kama hujui, leo usiku baada ya kula muulize kwa upole, ukianza kwa kutaja cha kwako. Tuonane wiki ijayo!