Mwanafunzi Asaidiwe Bila Kudaiwa Siri Yake

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotangazwa, nyumba kadhaa za kata ya Kifanya, mkoani Njombe, huingia katika hesabu. Magunia mangapi ya viazi yauzwe, Bodi ya Mikopo imetoa kiasi gani, godoro linunuliwe huku au huko huko chuoni. Mtoto wa Kifanya akipata chuo kikuu huwa amepata na safari: Iringa au Mbeya ikiwa bahati imemweka karibu, la sivyo Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam. Katika baadhi ya nyumba hizo ipo hesabu nyingine, inayofanywa kwa sauti ya chini kati ya mtoto na mama yake, au bibi yake aliyebaki kuwa mlezi. Hesabu hiyo ni ya dawa.

Hatuna sababu ya kuzungukazunguka. Njombe ndio mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote cha maambukizi ya VVU Tanzania Bara. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na virusi; ule wa 2016/17 ukakuta asilimia 11.4; na ule wa 2022/23 ukakuta asilimia 12.7, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza VVU ulianza mwaka 2004, na utaratibu wa kumwanzishia dawa za maisha kila mjamzito mwenye VVU ukaja mwaka 2013. Watoto waliozaliwa na virusi katika miaka ya mwanzo ya kipindi kilicho kati ya tarehe hizo mbili, wakanywa dawa, wakasoma, wakafaulu, sasa wana umri wa chuo. Huo ni ushindi wa tiba ambao hatuuzungumzi vya kutosha. Tunachokizungumza kidogo zaidi ni kinachowapata wanapofika chuoni.

Binti nitakayemsimulia hapa si mmoja. Nimeunganisha habari za vijana kadhaa niliokaa nao katika chumba cha kliniki, kwa sababu Kifanya ni pahala ambapo ukisema "yule binti wa mwaka wa pili anayesomea ualimu", watu watakuwa wamekwisha kumtambua kabla hujafika kwenye nukta. Binti huyu alikuwa akinywa dawa tangu kabla ya kuanza darasa la kwanza. Virusi vyake vilikuwa vimefubaa kabisa. Nyumbani alizoea kunywa kidonge saa tatu usiku, na aliyemkumbusha alikuwa bibi yake. Chuoni akapangiwa chumba cha watu sita, vitanda vya kupandana, kabati moja kwa watu wawili. Saa tatu usiku ndiyo saa ambayo wote sita wamo chumbani. Akawa anatoka na kidonge kiganjani kwenda bafuni. Baadaye akawa anakunywa siku anazoweza. Muhula wa pili, tarehe yake ya kliniki ikaangukia siku ya jaribio. Akaelekezwa kwamba apeleke barua ofisini ili afanye jaribio siku nyingine. Barua akaipata. Ilikuwa na mhuri wa kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo kila mtu anaiita CTC. Akaitazama, akaikunja, akaitia mfukoni, akafanya jaribio. Kliniki hakwenda siku ile wala mwezi uliofuata.

Naomba msomaji aone kilichotokea. Utaratibu wa kumsaidia ulikuwepo. Chuo hakikumkatalia kitu. Ila bei ya kuupata msaada ilikuwa siri yake, tena aikabidhi dirishani kwa karani asiyemjua, mbele ya foleni. Akaona ni afadhali akose dawa. Tunaweza kumlaumu kwa kutokuwa jasiri, na wapo wanaofanya hivyo. Mimi namlaumu aliyeiandika barua. Nasema hivyo nikijua kwamba nami nimewahi kuandika barua za namna hiyo, kwa nia njema kabisa, nikautaja ugonjwa katika mstari wa kwanza kana kwamba aliyekuwa akisomewa ni daktari mwenzangu.

Hoja yangu ni moja. Msaada anaopewa mwanafunzi chuoni utolewe kwa kutaja hitaji lake, usitolewe kwa kutaja ugonjwa wake. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi haihitaji kujua kilichomo katika damu ya mtu ili impe kabati lenye kufuli. Mhadhiri hahitaji kujua jina la kliniki ili amsogezee mtu jaribio. Wanachohitaji ni uthibitisho kutoka kwa mtaalamu mwenye dhamana kwamba hitaji ni la kweli. Barua inayotosha haizidi mistari mitano: mwanafunzi huyu ana hali ya kiafya ya muda mrefu iliyothibitishwa nasi, anahitaji kuhudhuria kliniki kwa tarehe zitakazoonyeshwa, anahitaji mahali pa kufungia dawa, tunaomba asipoteze alama kwa sababu hiyo, maelezo zaidi yatatolewa kwa idhini yake tu. Isainiwe na Mganga Mfawidhi, ipigwe mhuri wa hospitali au kituo kizima. Mhuri wa kliniki ya CTC usitumike kabisa, maana mhuri huo husema yote ambayo barua imejizuia kuyasema.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa taarifa za anayeishi na virusi, inakataza kumbagua, na haimruhusu mwajiri wala shule kumlazimisha mtu kupima. Mhudumu wa afya anayejaza fomu ya uchunguzi wa afya ya kujiunga na chuo akumbuke hivyo pia. Fomu ile hubebwa na kijana mwenyewe kwenye bahasha, kisha hupita mikono kadhaa kabla ya kufika kwa daktari wa chuo, kama itafika. Jaza kinachohusu uwezo wa kusoma na kuishi bwenini. Yaliyobaki yaende kwa njia ya rufaa, kutoka kliniki hadi kliniki.

Nimesikia pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza inasema wanafunzi watadanganya, kila mtu ataleta barua ya "hali ya muda mrefu" ili apate chumba kizuri. Watakaojaribu hawatakosekana. Lakini barua ya uongo huzuiwa kwa kuhakiki saini kwa aliyeitia, na simu moja kutoka kwa daktari wa chuo kwenda kwa Mganga Mfawidhi hutosha. Kutaja ugonjwa hakujawahi kuzuia udanganyifu. Mwongo hutaja ugonjwa kwa urahisi kuliko mgonjwa. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kuna maradhi ambayo usiri wake unaweza kuua. Kijana mwenye kifafa anayelala kitanda cha juu anapaswa kuhamishiwa cha chini, na angalau mwenzake mmoja chumbani ajue la kufanya degedege likija. Mwenye kisukari anayejidunga insulini anahitaji mtu atakayemtambua sukari ikishuka. Mwenye selimundu hapaswi kungoja ruhusa ya mtu maumivu yakimshika usiku. Nakubali yote hayo. Hata hapo, hata hivyo, anayechagua mtu wa kuambiwa awe kijana mwenyewe, akisaidiwa na muuguzi. Na kuhusu VVU, mwenzako wa chumbani hana hatari yoyote kwa kulala kitanda cha jirani, hivyo hana sababu ya kiafya ya kuambiwa.

Wapo wenzangu, hasa katika mitandao ya vijana wanaoishi na VVU, wanaoona kwamba usiri ndio unaolisha unyanyapaa, na kwamba kijana ahimizwe ajitokeze. Nawaheshimu sana, kwani wamejitokeza wao kwanza. Ila kujitokeza ni zawadi ambayo mtu huitoa akiwa tayari. Kuifanya sharti la kupata kabati ni jambo jingine.

Tena siri ikivuja chuoni haiishii kwenye minong'ono. Anayeijua siri ya binti anapata mamlaka juu yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na vyuo vimehimizwa kuwa na madawati ya jinsia ya kupokea malalamiko. Hata hivyo, binti anayetishwa kwamba hali yake itatangazwa hatalifikia dawati lile kwa urahisi, kwa kuwa atadhani kulalamika ndiko kutakakomfichua. Kwa hiyo karatasi isiyotaja ugonjwa ni kinga ya usalama wake vilevile.

Upande wa tiba una habari njema ambazo vijana wengi hawajaambiwa. Wengi walizoeshwa kunywa dawa usiku kwa sababu dawa ya zamani, efavirenzi, iliwaletea kizunguzungu, hivyo ilifaa mtu ainywe akalale. Mseto wa sasa wenye dolutegraviri, ule unaoitwa TLD, hauna sharti la usiku. Unaweza kunywewa asubuhi, pamoja na chakula au bila chakula, mradi iwe saa ileile kila siku. Kwa wale ambao unawakosesha usingizi, asubuhi ndiyo bora. Basi mwulize kijana: ni saa ngapi ya siku utakuwa peke yako? Huenda ni alfajiri wenzake wakiwa wamelala, au mchana akiwa maktaba. Swali hilo moja lingemfaa binti yangu wa saa tatu usiku kuliko nasaha zote alizopewa. Aambiwe pia kwamba vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu, na dawa za kutuliza kiungulia, vikichanganywa vibaya hupunguza nguvu ya dolutegraviri, na kwamba akianzishiwa dawa za kifua kikuu lazima amtajie daktari kila anachokunywa.

Kopo nalo lina mambo yake. Vidonge hulia ndani ya kopo kila begi linapotikiswa, na wanafunzi wanaujua mlio huo. Wengine huvihamishia kwenye mfuko wa nailoni, navyo huharibika kwa unyevu, hasa katika joto la Pwani. Vibaki katika kopo lake lililofungwa vizuri, ndani ya sanduku lenye kufuli. Vya siku mbili tatu tu viwe katika kikopo kidogo chenye mfuniko unaobana. Pamba kidogo juu yake huondoa mlio.

Lililobaki ni la kliniki zetu za huku Njombe, na wakati wake ni kabla ya basi kuondoka. Aliye imara hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, nayo ni zaidi ya muhula mzima. Tarehe zake zipangwe ziangukie likizo, akija nyumbani, endapo hataki kuhamia kliniki ya huko. Akitaka kuhama, aondoke na barua ya uhamisho na majibu ya mwisho ya wingi wa virusi, na muuguzi wa huku ampigie simu wa kule kuhakikisha amefika. Apewe namba ya simu ya mtu mmoja mwenye jina. Ile barua ya mistari mitano aandikiwe siku hiyohiyo, nakala tatu, hata kama anasema hataihitaji.

Na dawa zikae kwenye begi la mkononi. Mabegi ya chini ya basi huwa yanapotea.