Kulea vifaranga kwa umeme Kanazi: hesabu ianzie kwenye uniti

KIFARANGA wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi. Usiku wa Kanazi, wilayani Bukoba, hasa msimu wa mvua za Machi hadi Mei, joto hushuka hadi nyuzi 16 hivi. Pengo hilo mfugaji hana budi kulinunua, kwa mkaa au kwa umeme.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034. Mkakati huo unahusu chakula cha binadamu, lakini mkaa unaotumika bandani ni huohuo. Tena jiko likiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua vifaranga na hata aliyelala nao.

Anayehamia kwenye umeme ajue kwamba uniti moja hutoa joto lilelile, iwe imepita kwenye hita ya bei kubwa au kwenye balbu ya kawaida. Tofauti ni kinachopashwa. Hita ya feni ya wati 2,000 hula uniti mbili kwa saa ikipasha chumba kizima, na joto hupanda darini ambako hakuna kuku. Taa ya joto ya wati 250 humulika vifaranga wenyewe, na moja yatosha vifaranga 75 hadi 100. Balbu za LED hazifai kabisa: sifa yake ya kutopoteza umeme kwa joto ndiyo kasoro yake hapa.

Taa hiyo ikiwaka mchana na usiku hula uniti 6 kwa siku, yaani 126 kwa wiki tatu. Kwa bei za EWURA za mwaka 2016, mteja wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Nyumba inayotumia uniti 40 kwa mwezi hulipa 4,000. Ikiongeza taa, bili inafika 39,350. Vifaranga peke yao wamekula 35,350.

Kuanzia wiki ya pili mahitaji ya joto hupungua kwa nyuzi tatu hivi kila wiki, na mchana wa Bukoba hufika nyuzi 25 au 26. Siku za jua taa inaweza kuzimwa mchana. Ikiwaka saa 12 tu kwa wiki hizo mbili, uniti zinakuwa 84 na gharama ya vifaranga 20,650. Vifaranga wakiingia tarehe 24 hivi, wiki ya kwanza ikaangukia mwezi mmoja na mbili zilizobaki mwezi unaofuata, gharama hushuka hadi 11,900, kwa kuwa uniti 75 za bei nafuu hupatikana mara mbili. Wa kundi la T1, anayelipa 292 kwa kila uniti, hana nafuu hiyo. Na wa D1 ambaye matumizi yake yanazidi 75 mara kwa mara anaweza kuhamishiwa huko.

Bruda nayo ipunguze upotevu: duara la kadibodi au mkeka, maranda makavu ya unene wa sentimita tano hadi kumi, na gunia juu, mbali na taa, likiacha nafasi ya hewa. Taa ifungwe kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme. Ikianguka kwenye maranda, banda linaungua.

Kinachotisha zaidi ni LUKU kuisha saa nane za usiku, au umeme kukatika. Madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kwa gunia husaidia kwa saa chache, mradi maji yawe yamechemshwa mapema na kuwekwa kwenye chupa za chai. Asubuhi vifaranga wakikutwa wamerundikana, wamepigwa baridi, na wa chini yao huenda wamekwisha kufa kwa kukosa hewa.