Machozi kwa Kaboi wa Texas, Matusi kwa Mchungaji wa Fizi

Sikatazi mtu kulia akimsikia Kenny Rogers. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa nyimbo za kaboi. Ninachokataa ni machozi ya kuchagua. Mpenzi wa nyimbo hizi hapa Baraka, Fizi, mashariki mwa Kongo, ataketi kwenye nganda, yaani baa, ataomba apigiwe Jim Reeves, atafumba macho na kumsikitikia Mzungu wa mbali aliyeachwa na mpenzi wake. Wimbo ukiisha, maneno yakihamia kwa ng'ombe walioingia kwenye mihogo huko Lulimba, mtu huyohuyo atasema wapigwe risasi, ng'ombe na mwenye fimbo pamoja. Wala usidhani unafiki huu una kabila. Panda milima hadi Minembwe, umkute mfugaji aliyezikariri nyimbo za Dolly Parton, kisha umtajie mkulima ambaye shamba lake limelazwa chini na kwato. Atakujibu kwamba mkulima huyo ni mwongo na mwizi. Huruma yetu sote tumeipeleka Nashville, nyumbani hatukubakiza hata kijiko.

Najua kaboi si mfalme hapa. Baraka inacheza rumba, inaimba na kwaya za injili, inapokea Bongo Fleva inayovuka ziwa kutoka Kigoma. Lakini wapenzi wa kantri tupo, na wengi wetu ni watu wazima tunaojidai kwamba muziki tunauelewa. Basi tuanze kuuelewa.

Kaboi alikuwa nani? Alikuwa kibarua wa kuswaga ng'ombe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe tele na haikuwa na wanunuzi. Reli ilikuwa Kansas, kwa hiyo kuanzia 1867 makundi yakaswagwa mamia ya kilomita hadi Abilene yapakiwe kwenye treni. Na njiani kulikuwa na mashamba. Wakulima wa Kansas waliwazuia wachungaji wa Texas kwa sheria na kwa bunduki, maana ng'ombe wale walikanyaga mazao na kupe wao walileta homa iliyoua mifugo ya wenyeji. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hataza ya seng'enge. Wenye ardhi wakazungushia, wenye kutafuta malisho wakaikata usiku. Ilipofika 1883 Texas ilikuwa inaunguzana kwa ugomvi wa kukata seng'enge, na mwaka uliofuata bunge lake likautia ukataji huo katika makosa ya jinai. Huko Wyoming, mwaka 1892, matajiri wa mifugo walikodi watu wa bunduki kutoka Texas waende wilaya ya Johnson kuwaua waliowaita wezi wa ng'ombe.

Sasa futa majina ya Kizungu, andika Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, sekta nne za Fizi. Kiangazi kikikausha majani kwenye nyanda za juu, ng'ombe huteremka kutafuta malisho, na katikati ya njia kuna shamba la mtu. Zamani mfugaji alitoa itulo, yaani ushuru wa malisho, kwa chifu wa Kibembe, na ugomvi ukizuka wazee waliuketia. Vita vya Simba vilivyoanza mwaka 1964 viliuvuruga utaratibu huo. Waasi waliwageukia ng'ombe wa Wanyamulenge, wafugaji wa nyanda za juu, kwa chakula, nao wakaegemea jeshi la serikali, na tangu siku hizo kila upande una makaburi ya kuuonyesha upande wa pili. Vita vya 1996 na vya 1998 vikaleta bunduki nyingi kuliko majembe. Leo mwenye silaha ndiye anayedai ushuru wa malisho, mkulima analala akiwaza shamba, mfugaji analala akiwaza zizi, na maelfu ya ng'ombe wameporwa.

Hiyo ndiyo kantri. Ardhi, ng'ombe, njia ndefu, seng'enge, bunduki, na mtu anayetaka kurudi nyumbani asikute nyumba. Tunayo yote, tena mabichi, halafu tunayaagiza kutoka ng'ambo yakiwa yamekaushwa.

Ukitaka kuona jinsi tulivyo wakarimu kwa wageni, chukua albamu ninayoiweka juu ya zote, Red Headed Stranger ya Willie Nelson, ya mwaka 1975. Ni kisa cha mhubiri aliyemuua mkewe pamoja na mwanamume wake, akapanda farasi akatokomea. Njiani anampiga risasi mwanamke aliyenyoosha mkono kumshika farasi wake, na wimbo unamtetea kwamba huwezi kumnyonga mtu kwa kumuua mwanamke anayejaribu kumwibia farasi. Nasi tunatikisa kichwa: masikini, ana uchungu huyu. Uchungu! Kijana wa Ngandja aliyeporwa zizi zima la baba yake hana uchungu? Mama wa Lulenge aliyeamka akakuta mahindi ya msimu mzima yamelala chini hana? Au uchungu lazima uvae kofia pana na kusema Kiingereza ndipo uingie moyoni mwetu?

Mtaniambia kwamba zile ni hadithi, vita vyetu ni vya kweli. Watu wa Johnson walikufa kweli. Tofauti ni kwamba nyimbo zilizosambaa zilikuja kupambwa baadaye. John Lomax alichapisha mkusanyo wake wa nyimbo za kaboi mwaka 1910, seng'enge ikiwa imeshamaliza kazi, na Marty Robbins alitoa Gunfighter Ballads and Trail Songs mwaka 1959, hata wajukuu wa waliopigana wakiwa watu wazima. Ni rahisi kuuimba kwa utamu ugomvi uliokwisha. Sisi ugomvi wetu unaendelea, na nyimbo zake zipo: zile zinazorushwa kutoka simu hadi simu, zinazomsifu kijana wetu wa porini na kumwita jirani nyoka. Nazo mnazicheza. Ndizo kantri yetu ya leo, kantri isiyo na binadamu ndani yake, imejaa mashujaa na nyoka tu.

Na wanaodhani wimbo ni burudani isiyodhuru, wawatazame makaboi Weusi. Wanahistoria wanakadiria kwamba robo ya makaboi wa zama zile walikuwa watu Weusi. Sinema na santuri zikawafuta, mpaka mtoto wa Kiafrika akaamini kaboi lazima awe Mzungu. Ilimbidi Beyoncé, mwaka 2024, atoe Cowboy Carter na kubisha hodi kwenye nyumba ambayo watu wake waliijenga, na Februari 2025 albamu hiyo ikatwaa Grammy ya albamu bora ya kantri na ile ya albamu bora ya mwaka. Mtu akiachwa nje ya wimbo, kumrudisha kunachukua zaidi ya karne. Tukimwacha nje mchungaji, au tukimwacha nje mkulima, wajukuu wetu watarithi Fizi yenye watu nusu.

Kongo imeshamwiga kaboi vibaya mara moja. Miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville waliotoka kwenye sinema walijiita Bill, kwa heshima ya Buffalo Bill, wakaipa mitaa majina kama Texas, wakaunda lugha yao ya Hindubill. Walichukua kofia, bastola na ubabe. Ng'ombe wakawaacha kwenye filamu. Vijana wetu wanaojipachika vyeo vya kijeshi porini ni ndugu zao wadogo, isipokuwa bastola zao zina risasi.

Wala msinitolee kisingizio kwamba sisi hatuna gitaa la namna hiyo. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na vidole vyake vikawafundisha wapiga gitaa hadi Nairobi. Aliimba kwa Kiswahili. Miaka miwili kabla yake, Tracey aliwarekodi Wakipsigis wa Kenya waliosikia santuri za mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers wakamgeuza kuwa Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamwimba kwa kinubi chao wenyewe. Hao hawakuomba ruhusa Nashville. Kenya ya leo ina Elvis Otieno, Sir Elvis, aliyethibitisha kwamba Mwafrika anaweza kuimba kama mtu wa Tennessee. Nampigia makofi. Sasa tunamtaka atakayeimba kama mtu wa Fizi.

Kwa hiyo nasema na nyinyi kwa majina ya kazi zenu. Mwanamuziki wa Baraka, tunga wimbo wa mchungaji anayeteremka na ng'ombe wa baba yake, umpe mama, njaa na hofu, usimpe mkia. Mwanamuziki wa milimani, imba shamba la mihogo na mikono iliyolilima, mpaka ng'ombe wako mwenyewe aonekane ana kosa. Wafugaji wana nyimbo za kusifu ng'ombe, wakulima wana nyimbo za jembe. Zirekodini kwa simu hizohizo mnazosambazia chuki. Mtangazaji, ukipiga kantri ya Marekani nusu saa, nusu saa nyingine wape hao, na wimbo unaomwita jirani nyoka uutupe, hata aliyeuleta akiwa shemeji yako. Mwenye nganda, vivyo hivyo.

Nawe msikilizaji mwenzangu, ukiambiwa kwamba kumhurumia jirani ni usaliti wa damu, usibishane. Mwulize anayesema hivyo kuhusu yule mhubiri wa Willie Nelson. Ameua watatu, tena mmoja kwa ajili ya farasi, na kila Jumamosi mnampa kiti na kumwagizia bia.