Turathi za Mto Tana zisisahauliwe

Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hunijia kila nionapo vijana wetu wa Bura wakieleza kwa ufasaha majengo ya miji ya mbali, ilhali wakiulizwa habari za Ungwana hunyamaza kimya.

Sisemi wasisome mambo ya wengine. Ahmedabad, mji ulioasisiwa mwaka 1411 katika jimbo la Gujarat, uliorodheshwa mwaka 2017 miongoni mwa Turathi za Dunia, ukawa mji wa kwanza wa India kupata hadhi hiyo. Isitoshe, Gujarat si ngeni kwetu. Nguo zake zilifika pwani hii kwa majahazi ya kaskazi kabla Wareno hawajaonekana, na maneno kama gari, laki, hundi na bima tumeyapata kupitia lugha za India.

Hata hivyo, nguvu ya Ahmedabad haimo katika mawe peke yake. Mitaa yake ya kale ingali inakaliwa na watu. Ndivyo ilivyo Lamu pia, iliyoorodheshwa mwaka 2001. Mji wenye wakaazi una watetezi. Ungwana hauna. Umebaki magofu ya misikiti na makaburi karibu na Kipini, Mto Tana uingiapo baharini. Yamkini wengi hawajui kwamba James Kirkman aliufukua katika miaka ya 1950, wala kwamba jina lake linakumbusha neno uungwana, yaani hali ya mtu huru mwenye adabu za mjini.

Huenda mwalimu wa Bura akauliza: magofu ya Kipini yatuhusu nini sisi tulio mbali na bahari? Yanatuhusu sana. Katika tasnifu yake ya mwaka 1989, mwanaakiolojia George Abungu alichunguza uhusiano wa miji ya delta na jamii za bonde lote la Tana. Mji wa pwani haukuishi kwa bahari tu. Ulihitaji pia watu na mazao ya bara.

Ushahidi wa lugha unaelekea huko huko. Kipokomo, Kimalakote, Kimijikenda, Kingazija na Kiswahili ni ndugu wa kundi moja la Kibantu, liitwalo Sabaki. Kiorma ni lugha ya Kikushi, haina nasaba nao. Lakini Kimalakote kimechota maneno mengi mno kutoka Kiorma. Lugha haikopi namna hiyo kwa watu wanaopigana tu. Hukopa kwa watu wanaouziana, wanaooana na wanaonywa maji ya mto mmoja.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mwaka wa 2012 na mapema 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma huko Tana Delta. Siamini kwamba somo la historia pekee lingeyazuia, kwani chanzo chake kilihusu ardhi, malisho, maji na siasa. Lakini kijana asiyejua kwamba wazee wake na wa jirani walijenga bonde hili pamoja ni rahisi kumdanganya kwamba jirani ni mgeni.

Wapo watakaosema kwamba Bura inahitaji maji na chakula kabla ya magofu. Ni kweli, na sidai shilingi moja ya mfereji iende kwenye kuta. Ninayopendekeza hayana gharama kubwa. Walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wa kila jamii wakaandike majina ya vivuko, malisho na vijiji vilivyohama, pamoja na maana zake. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta mada za utafiti wasikimbilie mbali. Nayo serikali ya kaunti ishirikiane na Makavazi ya Kitaifa ili magofu ya delta yasimezwe na msitu.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Agizo hilo halitatekelezwa Nairobi peke yake. Litatekelezwa darasani Bura, mwalimu atakapoandika ubaoni jina la Ungwana na kuwauliza wanafunzi wa Kipokomo, Kiorma na Kimalakote kila mmoja amesikia nini kwao.