Mwacheni Mgonjwa Alale

Msomaji, kama hujapata kulazwa hospitali, yamkini wadhani kuwa hapana mahali pafaapo usingizi kuliko pale. Vitanda vimetandikwa, na kazi ya mgonjwa ni kulala tu. Dhana hiyo si kweli. Mtu aliyepasuliwa jana hulala kitandani lakini usingizi hauji. Kidonda humuuma, na dawa kali ya kutuliza maumivu, kama mofini, ingawa humlevya, humpunguzia usingizi mzito na usingizi wa ndoto. Hayo hayaepukiki, wala simlaumu mtu kwayo. Ninayoyalaumu ni yale tunayoyaongeza kwa mikono yetu: taa iwakayo usiku kucha, kigari chenye magurudumu yaliayo, soga mlangoni, na mkono umwamshao mtu saa kumi ya usiku ili apimwe joto ambalo lingeweza kungoja mapambazuko.

Utaambiwa kuwa hiyo ndiyo kanuni ya uuguzi. Kanuni ya nani? Florence Nightingale, aliyewaongoza wauguzi wa Uingereza katika vita vya Crimea, aliandika kitabu cha uuguzi mwaka 1859, na humo aliikemea kelele kwa ukali. Alishika kwamba mgonjwa asiamshwe, kwa kusudi wala kwa bahati mbaya, na kwamba aamshwaye katika usingizi wake wa kwanza ni shida kuupata tena. Hata kunong'ona chumbani mwa mgonjwa alikuita ukatili. Basi anayemwamsha mgonjwa bila sababu asijifunike kwa jina la uuguzi.

Wengine hujibu kuwa mgonjwa atalipa deni la usingizi mchana. Hapo ndipo ujinga wetu unapodhihirika. Ndani ya ubongo, juu ya mahali inapokutana mishipa ya macho, kuna kiungo kidogo mno kinachotunza saa ya mwili, nacho huongozwa na nuru. Giza likiingia, mwili hutoa melatonini, ambayo ni ishara ya usiku. Taa kali huizuia. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kufumbua, katika inzi wadogo wa matunda, jinsi chembe za mwili zinavyohesabu wakati. Sisi tunaohesabu saa tangu jua kuchomoza hatuna udhuru wa kulistaajabia jambo hili! Mgonjwa aliyefungiwa mapazia mchana na kuwashiwa taa usiku amepotezwa njia. Akikosa usingizi, maumivu yale yale humchoma zaidi. Wazee ndio huathirika vibaya: baada ya nusukaputi wako wanaoweweseka, wasijue walipo, wakang'oa hata mpira wa dripu. Sababu za hali hiyo ni nyingi, lakini nani mwenye akili atamwongezea mzee huyo usiku wa makelele?

Sikatai kuwa saa za kwanza baada ya upasuaji zahitaji macho makali. Damu ikivuja ndani, mapigo ya moyo na shinikizo la damu ndiyo hutoa habari, na muuguzi amwachaye mgonjwa wakati huo kwa kumwonea huruma amemtupa. Lakini usiku wa nne, kidonda kikavu, homa hakuna, yeye mwenyewe amekunywa uji na kutembea hadi dirishani, aamshwe kwa nini? Daktari aweza kuandika katika karatasi yake kwamba huyu aachwe hadi asubuhi. Dawa na vipimo vyaweza kufanywa kwa mara moja. Najua kuwa muuguzi mmoja huachiwa vitanda vingi. Hiyo ni hoja ya kumpunguzia safari za usiku, si ya kumzidishia. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sauti wadini usiku isizidi wastani wa desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida hufika 60. Kunyamaza hakuhitaji bajeti.

Nawe mwanafunzi, siku utakapokwenda kumtazama nyanya yako aliyepasuliwa, usikae ukimsifu kwa kusinzia adhuhuri. Fungua pazia, mkalishe penye nuru ikiwa daktari ameruhusu, mzungumzishe. Jua likichwa, muage mapema, umwachie pamba ya masikio na kitambaa cha kufunika macho. Kisha mwulize muuguzi wa zamu, kwa adabu, kama taa iliyo juu ya kitanda kile yaweza kuzimwa.