Mgongo Wangu, Ndoa Yangu na Sindano ya Moto

Mwezi huu mniwie radhi, nawaingiza chumbani kwangu mwenyewe.

Kwa miaka minne nilikuwa mke wa "mgongo unauma". Harusini mgongo, sokoni mgongo, na usiku ndiyo usiseme. Baba Neema si mtu wa maneno mengi, lakini nilishamsoma: aliona mgongo ni kisingizio. Na ningekuwa yeye, pengine ningeona hivyohivyo. Maumivu hayana bandeji, na hata picha ya MRI haikuonyesha cha kutisha.

Dawa nimekunywa, za kuchua nimepaka, mazoezi ya viungo nimefanya miezi kibao. Mwishowe daktari mmoja Nairobi akasema huenda tatizo liko kwenye viungio vidogo vilivyo nyuma ya pingili za kiuno, na kwamba kuna njia ya kuunguza neva ndogo zinazopeleka taarifa ya maumivu kutoka pale. Kuunguza! Nilitaka kunyanyuka niondoke. Kunyanyuka haraka siwezi, basi nikabaki nikamsikiliza.

Akanieleza kwamba neva hizo siyo zile za kuendesha miguu. Na hawaungui tu mtu hivihivi, kuna kipimo kwanza. Neva zinapigwa sindano ya ganzi, unarudi nyumbani, unafanya shughuli zako na kuandika maumivu yamepungua kiasi gani. Yasipopungua walau kwa nusu, safari inaishia hapo.

Jamani, siku ile ya kipimo! Tulifikia kwa wifi yangu. Saa nne asubuhi nimepigwa ganzi, saa saba niko jikoni nasonga ugali. Kijiko kikaanguka, nikainama nikakiokota. Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia kama mtu aliyeona mgeni. Magharibi ganzi ikaisha, maumivu yakarudi yote, nikalia kama mtoto. Akakaa pembeni ya kitanda, kimya, halafu akasema, "Kumbe." Neno hilo moja nililisubiri miaka minne.

Kipimo kikarudiwa siku nyingine, jibu likawa lilelile. Tukapanga siku. (Mwambie daktari mapema kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una betri ya moyo, au kama una mimba.)

Siku yenyewe unalala kifudifudi. Mimi sikupewa nusu kaputi, kwa sababu daktari anataka majibu yako. Ganzi ya mwanzo inachoma, na kwangu hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote. Kisha sindano zinaongozwa kwa eksirei na umeme mdogo unapitishwa. Unaulizwa: unasikia msisimko? Ni palepale panapouma siku zote? Halafu wanaangalia misuli. Ya mgongo ikirukaruka ni sawa, ila mguu ukiruka sindano inahamishwa. Ndipo inaongezwa ganzi, na ncha ya sindano inapata joto la nyuzi 80 hivi kwa dakika moja au moja na nusu kila sehemu. Haikufika saa nzima. Nikarudi siku ileile, lakini siyo kwa kuendesha gari mwenyewe.

Sasa hapa ndipo wengi tunapogombana na wenzetu. Baba Neema alitegemea kesho yake niamke nacheza. Wapi! Wiki ya kwanza mgongo ulichoma kama ngozi iliyobabuka kwa jua. Daktari alishasema nafuu inaweza kuchukua wiki kadhaa, ila nani anakumbuka hayo usiku wa manane? Ukiona homa, mguu unalegea au mkojo hauzuiliki, hapo usisubiri, kimbia hospitali. Yangu ilikuja wiki ya tatu, kimyakimya. Nilijikuta nimefunga kamba za viatu vya Neema bila kufikiria.

Na lile mnalotaka kuniuliza: ndiyo, lakini taratibu. Tulianza kwa kuongea, huku panauma, huku hapaumi. Hata kwenye fungate hatukuwahi kuongea hivyo.

Sitaki mtu auze gari kwa kunisoma mimi. Taasisi ya NICE ya Uingereza, katika mwongozo wake wa 2016, iliikubali njia hii kwa baadhi ya wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wale waliopata nafuu kwenye kipimo. Lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba kuiongeza kwenye mazoezi hakukuleta tofauti ya maana, na mwaka 2025 jopo la wataalamu kwenye jarida la BMJ lilishauri isitumike kwa maumivu sugu ya mgongo. Mimi ilinisaidia. Shosti yako inaweza isimsaidie, na hela imeshatoka. Muulize daktari wako waziwazi, na mazoezi usiache, maana kiungio chenyewe hakijatengenezwa.

Tena neva huota upya. Nafuu huwa ya miezi sita hadi mwaka, wengine zaidi. Mimi nina mwezi wa tisa. Juzi asubuhi nilisikia kitu kidogo upande wa kushoto, nikashika kiuno. "Umeanza?" akaniuliza. Nikamwambia sijajua bado. Akachukua ndoo ya maji akaipeleka bafuni mwenyewe.

Tukutane mwezi ujao.