GARI LIPEWE PUMZI KWANZA, DIZELI BAADAYE

Ndugu wanachama,

Ijumaa hii kamati inakutana kuamua kama fedha ya matengenezo imlipe fundi aifungue pampu ya dizeli ya lori letu, ati lipate nguvu. Wengi mmeshatamka ndio. Siye tunasema hapana, si sasa, na tunaomba msome mpaka chini kabla hamjatupigia kelele.

Tabu ya gari lile hakuna asiyeijua. Hapa Kengeja mpaka Mtambile linakwenda. Lakini likishapakia saruji bandarini Mkoani na kuanza kupanda kile kilima, utingo anashuka, anakwenda kwa miguu, na anafika yeye mwanzo. Watoto wanacheka. Siye hatucheki, maana ndilo linalobeba karafuu zetu, na makonyo kwenda kiwandani Wawi, na mgonjwa usiku pia.

Tukumbushane lakini ya msimu ule. Tulilipeleka kwa fundi, jina tuliache. Akaikata ile waya yenye risasi iliyofungwa kwenye skrubu ya pampu, akazungusha, na gari likaruka kama ng'ombe wa mchezo. Wiki mbili tulifurahi. Moshi mweusi ulionekana toka mbali, nasi tukauita moshi wa nguvu! Wiki ya tatu gasketi ya silinda hedi ikaungua kilimani, maji yakaingia kwenye oili, magunia yakalala njiani chini ya turubali lenye matundu, na mvua ikanyesha. Karafuu zikashushwa daraja. Gasketi tulinunua, kuchonga hedi tulilipa, pampu ikarudishwa ilivyokuwa, na nguvu ikabaki pale pale.

Moshi mweusi si nguvu, ndugu. Ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua, inatoka kama masizi, na tumeilipia. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, darasa la watu wazima, hesabu ya mizani tunaijua, basi tuitumie hapa. Kilo moja ya dizeli inataka hewa kilo 14 na nusu ndio iungue yote, na kwa injini hizi inatakiwa izidi hapo, kwani dizeli na hewa hazipati muda wa kuchanganyika vizuri. Hewa ya kilo 14 na nusu ni kama mita 12 za ujazo, yaani chumba kidogo kizima. Chumba kizima kwa kilo moja! Sasa ukiongeza dizeli na hewa ni ile ile, kinachoongezeka zaidi ni joto na moshi. Pistoni ni za alumini, na alumini huyeyuka kwenye digrii 660 hivi. Moshi wa injini iliyozidishiwa dizeli, ikipanda polepole na mzigo mzito, unaweza kupita hapo. Ile risasi kwenye skrubu haikuwekwa kwa urembo.

Kwani nguvu imekwenda wapi? Jumapili tulifanya jambo dogo lisilotaka fedha. Mmoja alikaa kwa dereva akakanyaga pedeli mpaka chini, mwengine akachungulia mkono wa pampu. Mkono haukufika mwisho wake! Ulibakisha upana wa kidole, kwa sababu waya wa pedeli umenyooka kwa uzee. Yaani tunataka kumlipa mtu aiongeze pampu ambayo hata iliyo nayo hatujaitumia yote. Tukaukaza waya. Tukaitoa filta ya hewa, tukaipiga chini, likatoka vumbi la kujaza kata. Filta ya dizeli tulipoifungua tukakuta maji, na hilo tusimtafute mchawi: dizeli ya madumu tunaiacha nje bila kifuniko.

Fedha basi iende huku. Filta zote mbili mpya, na tangi lioshwe. Nozo zitolewe zikapimwe kwenye mashine, maana nozo inayotakiwa kunyunyiza dizeli kama ukungu, ikichakaa inatonesha kama bomba bovu. Valvu zirekebishwe nafasi zake, taimingi ya pampu iangaliwe, rejeta izibuliwe. Na kompresheni ya kila silinda ipimwe. Kama ringi zimekwisha, hata uimwagie dizeli kwa ndoo haitakuwa nguvu.

Wako wanaosema tununue tabo kuukuu, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ikaisukumia injini hewa. Hilo si la upuuzi, maana angalau linaleta hewa. Ila injini iliyotoka kiwandani na tabo mara nyingi huwa imeandaliwa: pistoni zinarushiwa oili kutoka chini zipoe, na pampu imepimwa kwa hewa ile. Letu halikuzaliwa hivyo. Kulifunga tabo bila kupima ni kuinunua gasketi nyengine mapema.

Na breki je? Gari likipata nguvu tutaongeza magunia, tunajijua. Kibao cha uzito kimeandikwa mlangoni, lakini nani anakisoma siku ya karafuu? Kilima hicho hicho tunakishuka vile vile, na watu wamekaa juu ya mzigo.

Pampu hatuikatai milele. Hayo yakishatengenezwa, gari lipande kilima kile na mifuko ile ile, tuhesabu dakika. Likiwa bado linasuasua, pampu ivuliwe ipelekwe kwenye mashine ya kupimia, iongezwe kidogo, risasi irudishwe, na geji ya joto la ekzosi ifungwe mbele ya dereva, naye aambiwe akiiona inapanda apunguze mguu.

Alhamisi gari linakwenda Mkoani kuchukua saruji, mara ya kwanza toka waya ulipokazwa. Anayebisha akapande nalo, kisha Ijumaa baada ya sala ya alasiri aje atuambie alichokiona. Dereva na utingo nao waje wasemeshwe, safari iliyopita hawakuulizwa.

Katibu wa Tawi